Viporo vya Bruce Springsteen: boksi la nyimbo alizozificha lina utamu gani?

FundiKaseti

Wakuu, habari za jioni. Nipo Ngamiani hapa Tanga, umeme umekatika tangu saa nane mchana, nimekaa kibarazani mwa ofisi naandika kwa simu. Makosa ya herufi mnisamehe.

Kazi yangu ni kutengeneza redio. Wateja wa redio kaseti wamebaki wachache, wazee wa Makorora na Mabawa, na vijana wawili watatu wanaozitaka kwa urembo wa sebuleni. Mwaka jana baba mmoja aliyewahi kuwa baharia aliniletea deki ya CD. Nikaitengeneza, pesa ikawa hana, akaniachia rehani boksi la CD nne. Akasema atarudi wiki ijayo kulikomboa. Hiyo wiki ijayo mpaka leo haijafika.

Boksi linaitwa Tracks, la Bruce Springsteen, Mmarekani wa New Jersey. Mliokuwa na redio mwaka 1985 mnamjua kwa sauti hata kama jina limewapita: ile kwaya ya wasanii wa Marekani walioimba kuchangia njaa ya Ethiopia, yule wa sauti ya kukwaruza kama mtu aliyelala na kiu, ndiye huyo.

Limetoka 1998, lina nyimbo 66. Nikaanza kusoma kijitabu chake nikachoka. Karibu zote ni nyimbo alizorekodi kisha akazifungia stoo, pamoja na chache zilizowahi kupachikwa upande wa pili wa santuri ndogo. Za mwanzo kabisa ni za 1972, kijana wa miaka 22 na gita lake kwenye usaili mbele ya bosi wa kampuni ya santuri. Nikajisemea, kama mwenyewe aliona hazifai, mimi ni nani nizisikilize? Nikamuona baharia mjanja, kaniachia makombo.

CD moja ilikuwa na mikwaruzo. Nikaipaka dawa ya meno, nikaifuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje (si kwa kuzungusha, ninyi mnaozungusha ndio mnaoua CD zenu), ikasoma. Nikaiacha inapiga huku nalehemu redio ya mtu.

Ndipo ukaingia wimbo nilioujua, Born in the U.S.A. Ule uliotoka 1984 sote tumeusikia, ngoma zinapigwa kama mtu anabomoa ukuta, kinanda kinalia kama tarumbeta ya gwaride. Wa kwenye boksi ulirekodiwa 1982, miaka miwili kabla. Yuko peke yake na gita. Ngoma hakuna, kinanda hakuna. Hadithi ni ile ile ya askari aliyetoka Vietnam akakuta nyumbani hana kazi wala wa kumsikiliza, lakini sasa hadithi inasikika. Sauti inatoka mbali, kama mtu anaimba ndani ya kisima kisha anangoja ajibiwe. Ule wa 1984 watu waliinua ngumi juu wakidhani ni wimbo wa kujisifia nchi, mpaka Rais Reagan akalitaja jina la Springsteen kwenye kampeni zake New Jersey, Septemba mwaka huo huo. Huu wa 1982 sidhani kama kuna mgombea angetamani kusogea karibu nao.

Nikaurudia mara nne. Chuma cha kulehemu nilikisahau, kikanitoboa meza.

Hapo nikagundua nimekosea neno. Makombo ni kilichobaki sahanini, mtu keshatia mkono. Kiporo kilibaki chunguni, hakuna aliyekigusa, kimelala na viungo vyake usiku kucha, asubuhi ukikipasha ukanywea chai ya rangi unajiuliza jana nilikuwa nakula nini. Mle ndani mmejaa viporo.

Sasa wakuu, wanaojua muziki na wasiojua: utamu wa maboksi haya mnauona wapi? Au ni mimi tu na moshi wa risasi ya kulehemu umenipanda kichwani?

Kidagaa_Kimemwozea

Naweka kambi hapa. Ila uzi bila picha ya boksi ni hadithi ya sungura na fisi.

FundiKaseti

Umeme ukirudi nitatupia. Simu ina asilimia 11.

Mzee_wa_Kitaa

Mkuu, umeandika vizuri lakini usijidanganye, hiyo ni biashara. Ngoja nikwambie kisa ambacho baharia wako hakukwambia.

Hilo boksi lilipotoka 1998, mashabiki walilifungua wakautafuta wimbo mmoja uitwao The Promise. Walikuwa wanaujua kwa miaka ishirini kwa kuusikia jukwaani na kwenye santuri za magendo. Haumo! Nyimbo 66, wao wanataka huo, haumo. Wakapiga kelele. Mwaka 1999 ikatoka CD moja, 18 Tracks, nyimbo 15 zimetolewa kwenye boksi lile lile na tatu hazimo, ukiwemo huo wanaoulilia. Kwa hiyo aliyekwisha kununua CD nne anunue tena ya tano kwa ajili ya nyimbo tatu. Na The Promise wenyewe si ule wa zamani, aliurekodi upya peke yake na piano.

Muuza mihogo wa Mgandini akikufanyia hivyo utamwita mwizi mbele ya watu. Msanii akifanya unasema "hazina".

Kidagaa_Kimemwozea

😂😂 Mihogo imeingiaje jamani

Bint_Makorora

Mzee wa Kitaa, biashara ipo, hakuna anayebisha. Hata kiporo mama lishe anakiuza. Swali ni kama kimechacha au hakijachacha.

Mimi nimekulia jikoni, mama yangu alikuwa mpishi wa shughuli, masufuria ya pilau ya watu mia tatu. Nakubaliana na mleta uzi kwenye kiporo ila namwongezea: si kila kiporo ni kitamu. Wali wa nazi ukilala vibaya asubuhi unanuka. Kwenye hilo boksi la 1998 kuna nyimbo nikizisikiliza naelewa kabisa kwa nini aliziacha. Zile za gari na msichana na Jumamosi usiku, tano mfululizo, mpaka unasema baba ee, lipaki hilo gari.

Boksi la pili ndilo lililonimaliza. Tracks II limetoka Juni 2025, nyimbo 83, na safari hii hakutoa wimbo mmoja mmoja, katoa albamu saba nzima ambazo hazikuwahi kutoka. Nilizisikiliza kwa simu, moja kwa siku, wiki nzima, nikiwa kwenye cherehani. Moja ni ya gereji, kaifanya 1983 akiwa anahangaika kati ya albamu mbili. Moja ni ya mtindo wa kantri. Moja ni ya mpakani mwa Marekani na Mexico, mna tarumbeta za mariachi. Moja ina okestra ya vinanda na fidla nyingi, unaweza kudhani ni mwimbaji wa hotelini zamani. Moja aliitunga kwa ajili ya filamu ambayo mwisho wake haikutengenezwa. Moja tu, Perfect World, ndiyo haikupikwa kama chungu kimoja, nyimbo zake zimeokotwa huku na huku, na kwa sikio langu ndiyo dhaifu kuliko zote.

Niliyoiganda ni ile waliyoiita Streets of Philadelphia Sessions. Mnaukumbuka ule wimbo wa taratibu uliompa Oscar mwaka 1994, ngoma ya mashine inazunguka chini, sauti imetulia? Kumbe alitengeneza albamu nzima kwa mtindo ule. Akaifungia. Mwaka uliofuata akawaita wenzake wa bendi ya zamani, wakarudi kwenye magita. Miaka thelathini watu wanamjua kama mtu wa magita, na njia nyingine aliikanyaga mpaka mwisho kisha akarudi kinyumenyume bila kumwambia mtu. Utamu wangu mimi uko hapo. Nyimbo zenyewe ni nzuri, lakini zaidi namwona mtu amesimama njia panda na mizigo yake.

Mzee_wa_Kitaa

Bint, njia panda unayolipia mamia ya dola?

Bint_Makorora

Sijalipa hata mia. Nimesema nimesikiliza kwa simu. Kifurushi cha wiki.

Wakili_Asiyesomea

Nivute kigoda niongeze upande ambao wengi hawausemi. Baadhi ya maboksi haya hayatoki kwa mapenzi wala kwa tamaa ya kawaida. Yanatoka kwa kuogopa sheria.

Umoja wa Ulaya mwaka 2011 ulibadilisha muda wa ulinzi wa sauti zilizorekodiwa, kutoka miaka 50 hadi 70. Ila kuna mtego: sauti ambayo haikutolewa hadharani ndani ya miaka 50 ya kwanza haifaidiki, inabaki bila mwenyewe, yeyote anaweza kuichapa. Kampuni zilizokuwa na matepu ya mwanzoni mwa miaka ya 60 zikashtuka. Kampuni ya Bob Dylan, mwimbaji wa Marekani, mwishoni mwa 2012 ikatoa mkusanyo wa nyimbo zake za 1962 huko Ulaya, nakala kama 100 tu, CD za kuchoma, jalada la hovyo. Lengo halikuwa wewe usikilize, lengo lilikuwa iandikwe kwamba zimetoka.

Huyo Dylan ndiye aliyewafundisha wenzake njia hii. Mwaka 1969 watu walichapa santuri ya magendo ya nyimbo zake alizozificha, ikauzwa ikiwa na jalada jeupe tupu. Alipoona magendo hayakomi, 1991 akaanza kuyatoa mwenyewe na kuyabatiza jina lile lile la magendo, The Bootleg Series. Mpaka leo yanatoka. Lile boksi la vipande vya 1965 na 1966 toleo lake kubwa lilikuwa CD 18, nakala 5,000, na wimbo mmoja tu umejaza CD nzima, jaribio baada ya jaribio.

Kidagaa_Kimemwozea

Wimbo mmoja CD nzima??? Huyo mnunuzi hana majirani?

Forodhani_Usiku

Wanatanga mmeongea mpaka Mexico mmefika, mwenzenu wa ng'ambo ya maji mmemruka. Freddie Mercury, kazaliwa Unguja 1946, ana boksi lake la 2000 la kazi alizofanya nje ya bendi yake ya Queen. CD 10 na DVD mbili. CD tatu kati ya hizo ni za majaribio na vipande ambavyo havikuwahi kutoka.

Mzee_wa_Kitaa

Nilikuwa nahesabu ni posti ya ngapi Mzanzibari atakuja na Freddie. Umechelewa leo.

Forodhani_Usiku

😂 Boti ilikuwa na mawimbi. Lakini sikilizeni hoja yangu. Freddie tumemzoea amekamilika, kidevu juu, uwanja mzima mkononi. Kwenye zile CD tatu unamkuta mahali maneno bado hayajapatikana, anajaza kwa sauti tu, la la la, anatafuta. Mimi hupenda pale. Mtu mkubwa akiwa bado hajui.

Mwambao_wa_Kwetu

Nimesoma kimya kimya tangu posti ya kwanza, sasa roho inaniuma.

Tanga hii, wakuu. Jamhuri Jazz hapa. Atomic Jazz hapa. Wale ndugu wa Kinyonga, Wilson Peter na George Peter, wamepigia Jamhuri kabla ya kwenda Arusha na baadaye Kenya kuwa Simba wa Nyika. Black Star na Lucky Star za taarab, gita la besi limeingia kwenye taarab kupitia vijana wa mji huu, Shakila wa Pangani amekuzwa na mji huu. Boksi letu liko wapi?

Tuna tulichonacho. Kampuni moja ya London, GlobeStyle, ilitoa mkusanyo wa Black Star na Lucky Star mwaka 1989. Wafaransa wamekusanya nyimbo za mwambao kwenye ule mfululizo wa Zanzibara. Lakini hizo zote ni nyimbo zilizokwisha kutoka. Ni chakula cha mezani, si kiporo. Bendi zetu zikienda Dar kurekodi redioni, tepu inabaki redioni, bendi inarudi Tanga na nauli. Zikirekodi kwa kampuni za santuri za Kenya, zinapata nakala za kuhesabu. Nani alitunza jaribio la pili? Nani alitunza ubeti uliokatwa?

Springsteen ana stoo. Hilo tu ndilo linalomtofautisha na wazee wetu.

FundiKaseti

Umeme umerudi. Picha nitaweka, Kidagaa tulia.

Mwambao umenigusa pabaya, inabidi niseme jambo ambalo nyumbani kwetu halisemwi mbele ya wageni.

Kwanza niwape kisa cha Springsteen, mafundi watakipenda. Ile Born in the U.S.A. ya peke yake haikurekodiwa studio. Januari 1982 alikaa chumbani kwake New Jersey na kimashine cha Tascam kinachorekodi njia nne kwenye kaseti ya kawaida, hii hii tunayoijua, akajirekodi nyimbo za kwenda kuwaonyesha wenzake. Kisha akaihamishia kwenye redio kaseti ya Panasonic. Hiyo kaseti akazunguka nayo mfukoni wiki kadhaa, bila kasha! Mimi nikisoma hapo mikono inanitetemeka. Bendi wakajaribu kuzipiga nyimbo zile studio, hazikukubali, mwisho wakaichapa kaseti yenyewe ikawa albamu ya Nebraska. Na yale majaribio ya bendi yaliyoshindikana yametoka Oktoba 2025, miaka 43 baadaye. Yaani hata yaliyomshinda aliyatunza.

Sasa mimi. Babu yangu mzaa mama alikuwa anapiga fidla kwenye kikundi cha taarab, si kikubwa, cha mtaani tu. Walikuwa na kaseti moja ya dakika 90 waliyojirekodi mazoezini, nyumbani kwa mmoja wao. Babu alipofariki ikabaki kabatini kwa mama.

Mwaka 1993 nina miaka 14. Simba imefika fainali ya Kombe la CAF na Stella Abidjan, kule kwao sare ya bila kufungana, marudiano Dar. Tunatangaziwa redioni, mimi nataka nirekodi ushindi niwachomee wenzangu wa Yanga shuleni. Kaseti tupu sina. Nikafungua kabati.

Mnajua vile vijino viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti. Ukivivunja, redio haikubali kurekodi juu yake. Babu alivivunja vyote viwili. Na mnajua pia dawa yake: unakunja karatasi, unaisokomeza kwenye tundu, redio inadanganyika. Nilitumia karatasi ya daftari la hesabu. Mpaka leo naikumbuka ilivyokuwa, ina mistari ya buluu.

Nikarekodi kipindi cha kwanza upande mmoja, cha pili upande mwingine. Tukafungwa mbili bila, nyumbani kwetu. Kabla ya filimbi ya mwisho niliizima redio kwa hasira.

Kwa sababu nilizima mapema, mwisho wa upande ule zikabaki dakika nne na kidogo za babu. Ukiisikiliza leo: mtangazaji anapiga kelele, tap, kimya kidogo, kisha fidla inatiwa sauti. Mtu anakohoa. Mwanamke anaanza ubeti, anafika mstari wa pili anacheka, amesahau. Sauti ya mwanaume inasema, "Tena." Anaanza tena. Mstari wa tatu haufiki, utepe unakwisha.

Huyo mwanaume mama anasema ni babu. Mwanamke hakuna anayemjua.

Nina dakika nne, Mzee wa Kitaa. Ukiniambia zipo nyingine arobaini mahali zinauzwa kwa mamia ya dola, nauza duka.

Mzee_wa_Kitaa

Sina la kusema fundi. Nimetoa kofia.

Ile mechi na mimi nililia, nikwambie ukweli.

Kidagaa_Kimemwozea

Nilikuja kutania, nimekaa chini.

Bint_Makorora

Huyo mama aliyecheka. Nasoma mara ya tatu. Kwenye shughuli asingeruhusiwa kucheka vile, angekaza uso mpaka wimbo uishe watu watuze.

Mpangani

Habari zenu. Mimi si mwandishi, huwa nasoma tu. Uzi huu umenifanya niende stoo kwa baba mkubwa. Kuna kaseti mbili kwenye kopo la maziwa ya unga, zimeandikwa kwa kalamu "mazoezi" na tarehe imefutika. Zina kama unga mweupe ndani, kwenye utepe. Nina redio hapa, niziweke nisikie?

FundiKaseti

USIWEKE. Tafadhali kaka, au dada, usiweke. Huo unga ni ukungu. Ukizipiga, ukungu unapakaa kwenye kichwa cha redio, utepe unanata, unachanika, kwisha habari. Usizungushe kwa kalamu pia, najua mkono unawasha.

Zitoe kwenye kopo. Ziweke mahali pakavu penye hewa, kivulini, si juani na si kwenye mchele (kuna mtu atakuja kukushauri mchele, mwambie vumbi). Weka mbali na spika, sumaku ya spika inakula sauti. Ukizileta Ngamiani nitazifungua skrubu, nitausafisha utepe taratibu, na kile kisponji kidogo cha katikati nitakibadilisha, lazima kimeoza. Pesa sitaki. Nitahamishia kwenye kompyuta, nakala yako na yangu, basi.

Ila niambie kitu kimoja kabla hujalala. Zigeuze uangalie mgongoni. Vile vijino vimevunjwa?

Mpangani

Ngoja nichukue tochi.

Mpangani

Vimevunjwa vyote vinne. Moja ina karatasi ndani.

FundiKaseti

Upande gani?

Mpangani

Upande B. Nakuja na basi la kwanza.